Mizani ya Baruti na Nyongeza ya Hamdun

Kila tukikutana Shard End, hapa Birmingham, kwa maulidi au arusi, nyinyi vijana mnaniuliza swali lile lile, na mnaliuliza kwa Kiingereza: "Aunty, is it true you made bullets?" Nikiwajibu kwamba sikutengeneza risasi, nilipima baruti, mnaanza kucheka kabla sijamaliza. Basi leo naandika. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, ili asiyeelewa amuulize mama yake, maana mama zenu wananilalamikia kila siku kwamba hamzungumzi nao.

Kazi yenyewe sikuitafuta. Wakala wa ajira alinipeleka Digbeth kufunga maboksi kwa muda mfupi, nikakaa mpaka magoti yaliponistaafisha. Karakana ilikuwa chini ya matao ya reli, nyuma ya kituo cha mabasi ya masafa marefu. Tulikuwa tunajaza upya risasi za bunduki za kale, zile ambazo viwanda vimeacha kuzitengenezea risasi, kwa ajili ya wazee wa vilabu vya kulenga shabaha. Ganda la shaba lililokwisha kupigwa linasafishwa, linawekwa fataki mpya ya kuwashia kwenye kitako, linatiwa baruti iliyopimwa, kisha linafungwa kwa kichwa kipya. Yote kwa kibali na kwa sheria, na wakaguzi walikuja kututazama na kunywa chai yetu. Nilipompigia shangazi yangu Tanga kumweleza, aliniuliza kama huku kuna vita. Nikamwambia hakuna, wazee wanatoboa karatasi tu. Akasema afadhali ingekuwa vita, angalau angeelewa.

Chombo chetu kilikuwa mizani ya ufito. Msiifikirie ile ya sokoni yenye sahani mbili. Hii ina ufito mmoja mwembamba wa chuma, umelala juu ya makali kama ya wembe. Upande mmoja kinaning'inia kisahani cha baruti. Upande wa pili ufito una ncha, na ncha inatazamana na mstari uliochorwa kwenye kibati. Unapanga vijiwe vya uzito kwenye kipimo unachotaka, unatia baruti chembe kwa chembe, na ncha ikifika kwenye mstari ikatulia, umemaliza. Ikibaki chini ya mstari umepunguza, ikipanda juu umezidisha. Kuyasema haya ni rahisi. Kuyatenda siku nzima, huku mtu anakuuliza kama unataka biskuti, ndiyo kazi niliyolipwa.

Aliyenifundisha ni Doreen, mzaliwa wa mji huu, mfupi, mwenye miguu mibovu na ulimi mzima. Alimwita kila kiumbe "bab", kama wanavyoitana watu wa Birmingham, kuanzia mkaguzi wa serikali hadi paka wa jirani. Siku ya kwanza hakuniruhusu niguse baruti. Alinikalisha mbele ya mizani tupu akaniambia niitazame.

"Natazama nini?" nikamuuliza.

"Kama inasema kweli ikiwa haina kitu, bab. Ikidanganya ikiwa tupu, itadanganya ikiwa imejaa."

Nikaitazama mizani tupu mpaka chai. Tuliporudi kutoka chai akaniambia nianze tena, kwa sababu tulipokuwa tunakunywa mtu angeweza kuisukuma meza. Hiyo ikawa sheria ya maisha yangu yote ya kazi: kabla ya kuanza, na kila ukirudi kutoka popote, hata kama umekwenda kupiga chafya tu, unaiweka mizani tupu, unahakikisha ncha imelala kwenye mstari. Kisha unaweka kijiwe cha majaribio ambacho uzito wake unaujua, na unakishika kwa kibano wala si kwa vidole, kwa sababu vidole vyenu vina mafuta hata mkiwa hamjala chipsi, na chipsi mnakula kila siku.

Na treni, je? Treni ilipopita juu ya tao letu ufito ulitikisika wote, kwa hiyo tulipima kati ya treni na treni. Niliijua ratiba ya reli kuliko msimamizi wa stesheni. Watu wa Birmingham walikasirika treni zikichelewa. Mimi na Doreen tulizidi kukasirika zikija mbili mfululizo.

Siku moja nilikuja na buibui langu jipya la kung'aa, la kutoka Dubai, nikitaka wazungu waone kwamba mpima baruti naye ana hadhi yake. Siku hiyo mizani ilipatwa na wazimu. Nikiinama, ufito unanifuata. Nikijivuta nyuma, unarudi. Nilifuta makali kwa brashi laini, nikaangalia meza kama imelala sawa, nikasoma dua zote ninazozijua. Doreen alinitazama kwa raha zake zote, akaja akanishika mkono wa buibui akautikisa karibu na kisahani, na kisahani kikacheza.

"Ni nguo yako, bab. Nailoni inabeba umeme."

Tangu hapo nilifika na kanga ya pamba, nikajifunga juu ya kila kitu. Clive, mwenye karakana, aliuliza yale maandishi kwenye kanga yanasema nini. Yalikuwa yanamsema jirani mwenye wivu. Nikamwambia ni maelekezo ya usalama kazini, akafurahi sana, akataka zipatikane nyingine za wafanyakazi wote.

Huyo Clive alirithi karakana kwa baba yake na hakurithi subira yake. Aliwahi kuona ufito unakwenda taratibu, akautia mafuta ya cherehani kwenye makali ili uwe mwepesi. Mafuta yakashika vumbi, vumbi likawa tope, na ufito ukawa unasimama popote unapojisikia. Tulitumia nusu siku kuusafisha. Pia alikuwa mrefu kupita kiasi, na hakuwahi kuinama kusoma mizani. Ncha inakaa mbele kidogo ya mstari, kwa hiyo ukiitazama kutoka juu unaiona iko chini kuliko ilipo. Kwa Clive, kila kipimo tulichopima kilikuwa kimepungua. Lishushe jicho lako mpaka liwe sawasawa na ncha, hata kama ni lazima upige magoti. Doreen aliniambia maneno hayo, na nimeyatumia kwa watu pia, ila kwa watu yanaumiza magoti zaidi.

Sasa nimlete Kanali, maana hadithi inalihusu jicho lake.

Kanali hakuwahi kuwa jeshini. Aliuza bima maisha yake yote, akastaafu Sutton Coldfield kwenye nyumba yenye jina badala ya namba, akaota masharubu, na klabu yake ikaanza kumwita Kanali. Alikuwa na bunduki ya kale iliyokwisha kupita mikononi mwa wazee wengi, na yeye ndiye mteja wetu mkubwa. Kila alipokuja kuchukua maboksi alisema risasi zetu dhaifu. Karatasi za shabaha zilikuwa zinamkataa, na katika maisha yake yote Kanali hakuwahi kudhani kwamba tatizo linaweza kuwa Kanali. "Ongezeni kidogo," aliniambia kila mara. "Kidogo tu hakimuui mtu."

Doreen alikataa. Alimweleza, kwa heshima aliyoiweka akiba kwa wateja, kwamba chuma cha bunduki ile ni cha zamani, kwamba baruti ikizidi, presha inapanda haraka kuliko baruti yenyewe, na kwamba kitu cha kwanza kilicho nyuma ya bunduki ni jicho la mwenye kulenga. Kanali akapanda ngazi kwa Clive. Clive, asiyetaka kumpoteza mteja, akaruhusu tupandishe kipimo mpaka kwenye kikomo cha usalama. Mpaka kwenye kikomo chenyewe, wanangu, pasibaki hata nafasi ya kupitisha kucha.

Mwezi huo huo Clive alikwenda kwenye semina ya siku moja huko hotelini, akarudi na neno jipya: ufanisi. Alilibandika ukutani kwa herufi kubwa. Kisha akatutazama kazini, akagundua kwamba Doreen huchukua risasi moja kutoka kila trei na kuipima tena kabla haijafungwa. "Mnapima kitu kilichokwisha kupimwa," akasema, kama mtu aliyegundua wizi. Akaifuta kazi hiyo. Akamhamishia Doreen kwenye kujibu simu, na mahali pake kwenye mizani ya pili akatafuta mtu.

Nikamtafutia Hamdun.

Hamdun ni mdogo wake mume wangu. Alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Unguja, analala sebuleni kwetu Shard End, anashinda ametazama mvua. Baba yao aliuza nafaka Darajani, na Hamdun alikulia nyuma ya mizani. Nilimwambia Clive kwamba huyu mtu ameshika mizani kabla hajashika kalamu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mkono wake ulikuwa mtulivu kama wa sonara, hakuwa na haraka, hakupayuka, na alikuwa mcha Mungu kiasi kwamba hata boksi lililochanika pembeni alilitaja. Nilimfundisha kila kitu nilichofundishwa: tupu kwanza, kijiwe cha majaribio, nguo ya pamba, jicho sawasawa na ncha, subiri treni ipite. Alishika yote kwa siku chache. Nilijivuna naye mbele ya Doreen kama mtoto niliyemzaa.

Asubuhi ya Jumamosi moja tulikuwa mezani nyumbani, mume wangu yuko zamu, mimi nakaanga maandazi, Hamdun anakunywa chai ya mkandaa. Alionekana mwenye raha kuliko siku zote.

"Shemeji, mie nilikuwa na khofu na kazi hii," akasema. "Nikijiuliza hivi hizi pesa zitakuwa na baraka. Lakini sasa moyo umetulia. Sijampunja mtu hata mmoja."

"Utampunjaje mtu, na mizani ile?"

"Si ndiyo nakwambia. Mzee Kanali kasema risasi zake dhaifu, nikasikitika sana. Basi mie kila nikimpimia, silazi ufito sawa. Nangoja mpaka kisahani kiiname kidogo upande wake. Baba alikuwa akisema, mizani ikilala sawa mteja anaondoka na haki yake, lakini mwenye duka anabaki na aibu."

Mwiko ulinianguka ndani ya mafuta. Labda nyinyi mliozaliwa hapa hamlijui jambo hili, kwa sababu huku mashine inakukatia hadi chembe ya mwisho na kukupa karatasi. Kwetu, muuza mchele hawezi kukupa mizani iliyolala sawa. Anachota, anamimina, anaongeza konzi mpaka sahani yako izame, na hiyo ndiyo nyongeza yako. Asiyetoa nyongeza anasemwa mtaa mzima, na kupunja vipimo ni dhambi inayomnyima mtu usingizi. Hamdun hakuwa amesahau nilichomfundisha. Ncha ilipofika kwenye mstari, aliona uchoyo.

"Hamdun," nikamwambia, "kisahani kikiinama, baruti imezidi."

"Kidogo tu, shemeji. Kidogo hakimuui mtu."

Kanali alitaka kidogo, Clive akaongeza kidogo, na shemeji yangu akatia kidogo chake kwa nia safi kabisa. Na mchana huo huo kulikuwa na mashindano ya klabu. Maboksi yalichukuliwa jana yake. Nasema wazi, sikumwogopea Kanali peke yake. Niliona jicho lake, na nyuma ya jicho lake nikamwona Hamdun ameketi kituo cha polisi anaeleza maana ya nyongeza kwa Kiingereza cha wiki sita.

Nilimpigia Clive, simu ikanipeleka kwenye sauti ya kurekodiwa. Nilipiga klabuni, nayo ikanipa muziki. Nikampigia Doreen. Hakuniuliza maswali. Alisema tu, "Leta mizani, bab. Yule mtu hatakuamini kwa mdomo."

Ufunguo wa karakana nilikuwa nao. Mimi na Hamdun tulipitia Digbeth, nikaizungushia mizani kanga mbili, ufito peke yake ndani ya kitambaa cha pamba ili makali yasiumie, nikaipakata kama mtoto mchanga. Tukakutana na Doreen stesheni ya New Street, amemeza vidonge vya magoti, ameshika fimbo, tukapanda treni ya Sutton Coldfield. Abiria mmoja alimchungulia mtoto wangu akatabasamu. Hamdun alikaa mbele yangu, uso umemshuka. Nilikwishamweleza yote. Karibu na mwisho wa safari akauliza, "Bunduki ikipasuka, inapasukia mbele au nyuma?" Nikamwambia nyuma. Akageukia dirishani.

Teksi ilitufikisha klabuni mashindano hayajaanza. Wazee walikuwa kwenye banda lao, wamevaa makoti yenye mifuko mingi, kila mmoja anamweleza mwenzake jinsi alivyokaribia kushinda mwaka uliopita. Kanali alikuwa katikati, na alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo.

"Hatimaye!" akasema aliponiona. "Hatimaye mmenipa risasi zenye nguvu. Nimepiga chache za majaribio, bega langu lote linajua. Komeo la bunduki limekuwa gumu kidogo kufunguka, lakini ni hii baridi."

Doreen aliomba aone ganda lililopigwa. Aliligeuza kitako juu. Fataki, ambayo kawaida hubaki na ukingo wake wa mviringo, ilikuwa imelala bapa, imesambaa hadi kwenye shaba, dalili kwamba presha imezidi. Alinionyesha mimi, akalitia mfukoni, akasogea taratibu mpaka kwenye boksi la risasi za Kanali lililokuwa juu ya benchi, na akalikalia.

"Magoti," akasema. "Kuna anayeweza kuniletea chai?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini taifa hili lilitawala nusu ya dunia na bado haliwezi kumwomba bibi kizee asimame. Kanali alimzunguka. Alikohoa. Alisema, "Samahani sana, bibie, nadhani kuna kitu changu hapo," na Doreen akamjibu kwamba kuna vitu vingi vya watu wengi kila mahali. Wazee wawili walikimbilia chai.

Nikamweleza Kanali. Nilimwambia kuna kosa la upimaji, risasi zimezidi, tunaomba tuzichukue na tutamletea nyingine. Akasema haiwezekani, ana mizani yake mwenyewe ya kisasa, ya betri, na atatuonyesha. Alikuwa na risasi chache zaidi kwenye mfuko wa kizibao. Akaichomoa moja kichwa, akamwaga baruti kwenye mashine yake iliyokuwa kwenye benchi la plastiki, kando ya hita inayopuliza, mlango wazi, simu yake imelala pembeni. Tarakimu zikapanda, zikashuka. Akabonyeza kitufe, akapima tena. Zikaja nyingine. Akapima tena na tena, na ilipotokea namba aliyoipenda akasimama hapo hapo. "Mnaona?" akasema. "Iko sawa." Nimeishi na watu wengi wanaopima hivyo, na wengi wao hawajawahi kugusa baruti.

Nikaomba hita izimwe na mlango ufungwe. Nikachagua meza nzito ya mbao, nikaweka kipande cha kadi chini ya mguu mmoja mpaka ikalala sawa. Nikazifungua kanga, nikaupachika ufito. Tupu kwanza: ncha kwenye mstari. Kijiwe cha majaribio, kwa kibano: ncha kwenye mstari. Nikapanga kipimo kile kilichoruhusiwa na Clive, kile cha kikomo, nikamimina ile baruti ya Kanali. Ufito ukapanda ukashuka, ukapunguza mwendo. Banda zima lilikuwa kimya, maana niliwaambia pumzi zao zinaiyumbisha, na kwa kweli zilikuwa zinaiyumbisha. Ncha ikatulia juu ya mstari. Kanali akaitazama kutoka juu, mikono nyuma, akasema anaiona iko chini.

"Piga magoti," Doreen akasema kutoka kwenye boksi lake. "Ni magoti yako ndiyo mazima, bab, si yangu."

Kanali alipiga magoti. Alitazama kwa muda. Masharubu yalikuwa karibu yaguse kibati.

"Imezidi," akakubali. Kisha akainuka, akajipangusa suruali, na furaha ikamrudia usoni. "Lakini kidogo tu. Na ndicho nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo. Kidogo hakimuui mtu."

Nikatafsiri. Sikuwa na haja, kwa sababu Hamdun alimwelewa. Maneno yalikuwa yake mwenyewe ya asubuhi, yamevaa koti lenye mifuko mingi. Nilimwona anabadilika. Alitoka ukutani alipokuwa amesimama, akaenda hadi mbele ya Kanali, akanyoosha kiganja wazi. Watoto wa Darajani hunyoosha kiganja hivyo dukani baada ya kununua, wakidai nyongeza yao, na yeye alikuwa amevijaza viganja kama hivyo maisha yake yote.

"Extra," akasema kwa Kiingereza chake, akimaanisha ile nyongeza. "Is mine. Not yours. Please, give back."

Kanali alinitazama mimi, akamtazama Doreen, akawatazama wenzake. Hakuna aliyemwokoa. Hamdun hakuushusha mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Nadhani ni hayo machozi. Hakuna kilichomwandaa Kanali kwa mwanaume mzima anayelilia jicho la mtu asiyemjua. Aliingiza vidole kwenye kizibao, akazitoa risasi, akaziweka moja moja kwenye kiganja kile, akisema polepole, "Sawa, sawa, mtu wangu, chukua."

Doreen akasimama, boksi kwapani. Chai yake ilikuwa imefika.

Mashindano yaliendelea na Kanali akaazima bunduki ya mwenzake, akawa wa mwisho, akasema kosa ni la bunduki. Jumatatu Clive alisikia yote kutoka kwa Doreen, mlango umefungwa, na nilichosikia mimi ni sauti moja tu. Alipotoka alibandua neno la ukutani kwa kucha, na Doreen akarudi kwenye kupima kilichokwisha kupimwa. Kipimo cha Kanali kikashushwa. Hamdun alimaliza mwezi wake, hakufukuzwa, lakini aliniambia kwamba kazi inayomkataza kumwongeza mtu, yeye haiwezi. Sikumlaumu. Doreen amekwishafariki, na bado nikirudi mezani na kikombe mkononi nasikia ananiambia nianze na tupu.

Hamdun sasa ana duka la nafaka na viungo, mnalijua, mnapelekwa huko kununua unga wa ngano na mnarudi na chokoleti. Mizani yake ina mshale. Mtazameni anavyopima siku moja, mwache simu. Anachota, anasubiri mshale utulie, anakuonyesha, anaandika bei, anautoa mfuko mezani. Baada ya hapo ndipo anatia konzi yake, mfuko ukiwa umekwishashuka kwenye mizani.

Mwezi uliopita nilikuwa hapo nikisubiri iliki zangu, akaingia mzee mwenye masharubu meupe, ametoka Sutton Coldfield kutafuta mchele wa pilau, kwa sababu mkwe wake mpya ni mtu wa Mombasa. Hakunitambua, na Hamdun hakujifanya anamjua. Mchele ulipowekwa kwenye mizani, yule mzee aliweka fimbo chini, akashika ukingo wa meza, akajiinamisha kwa tabu mpaka macho yake, yote mawili, yakawa sawasawa na mshale. Akasema mchele umepungua kidogo. Hamdun akaandika bei, akautoa mfuko kwenye mizani, akamwongeza.